Skana ya nyumbani inapogoma: anza na kitufe cha kopi

Kabla hujafuta draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na mashine) wala kuzima ruta, laza karatasi yenye maandishi juu ya kioo, kisha bonyeza kitufe cha kopi kwenye printa yenyewe. Kopi haipitii kompyuta. Ikitoka safi, kioo na taa viko sawa, ugonjwa uko kwenye kompyuta au waifai. Ikitoka na mistari, shida iko ndani ya mashine na hakuna draiva ya kuitibu. Ila chapisha pia ukurasa mmoja kutoka kwenye simu: ukiwa na mistari hiyohiyo, skana haina kosa, ni vitundu vya wino vimeziba.

Uchafu husomeka kwa umbo lake. Doa linalobaki mahali palepale kila ukiskani liko juu ya kioo, lifute yaishe. Mstari mwembamba ulionyooka kutoka juu hadi chini ya ukurasa ni habari nyingine. Kama unatokea tu ukipitisha karatasi kwenye fida ya juu, ile inayovuta karatasi yenyewe, funua mfuniko utafute ukanda mwembamba wa kioo pembeni mwa kile kikubwa. Kwenye mashine nyingi uko kushoto. Hapo kichwa cha kusomea husimama, karatasi ndiyo inayopita, hivyo punje moja ya vumbi au tone la gundi husomwa tena na tena mpaka ukurasa unaisha. Watu husugua kioo kikubwa mchana kutwa na ukanda huo hawaugusi. Mstari ukionekana hata kwenye kioo kikubwa, shuku kichwa chenyewe au ukanda mweupe uliojificha chini ya ukingo wa kioo, ambao skana huutumia kupimia weupe kila inapoanza. Hapo lazima kioo kifunguliwe, mpe fundi.

Kufuta: chomoa umeme, lowesha kidogo kitambaa cha kufutia miwani kwa spiriti isiyo na mafuta, usimwage kitu juu ya kioo. Maji yakipenya ukingoni hukauka ndani na kuacha alama usizozifikia.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kuna ugonjwa wa Juni hadi Agosti. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe na Makete kuna baridi kali zaidi. Printa iliyolala kwenye chumba baridi, au iliyosafiri usiku ikapitia Makambako, ukiiingiza ghafla kwenye chumba chenye joto hupata ukungu upande wa ndani wa kioo. Picha hutoka imefifia, kama imepakwa maziwa, na kitambaa hakisaidii kitu. Izime, acha mfuniko wazi kwa saa kadhaa. Usiisogeze karibu na jiko la mkaa wala kuipulizia mashine ya nywele; plastiki hupinda, na majivu huingia ndani.

Umeme ukikatika kichwa kikiwa katikati ya safari, chomoa waya, subiri dakika moja, washa tena. Kisikokotwe kwa mkono.

Sasa upande wa kompyuta. Malalamiko makubwa ni "inachapa lakini haiskani". Kuchapa na kuskani hutumia draiva tofauti, na mara nyingi Windows hujiwekea ile ya kuchapa tu. Pakua kifurushi kizima kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa namba kamili ya modeli. Bado ikigoma, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, tafuta Windows Image Acquisition, huduma ya Windows inayoshughulikia skana, iweke Automatic (ijiwashe yenyewe) kisha uiwashe. Jaribu pia kwa waya wa USB. Kwa waya ikikubali, kosa ni mtandao: aidha kompyuta iko kwenye waifai ya wageni, au Windows imeuweka mtandao wa nyumbani kuwa Public, yaani wa hadharani, hivyo haiioni printa. Baadhi ya mashine hukataa kuskani eti wino umeisha. Kwangu huo ni uonevu, lakini dawa yake ni katriji tu.

Ukubwa wa faili nao huwatoa watu jasho wanapotuma maombi ya ajira au mkopo wa chuo. A4 kwa 300 dpi (nukta kwa kila inchi) ni nukta 2,480 kwa 3,508. Ukiskani kwa rangi, hiyo ni MB 26 hivi kabla ya kubanwa, na 600 dpi huzidisha mara nne. Barua tumia 300 dpi, rangi ya kijivu, hifadhi PDF. Rangi iachie vyeti vyenye mihuri. Karatasi nyepesi inayoonyesha maandishi ya nyuma, funika mgongo wake kwa karatasi nyeusi kabla ya kushusha mfuniko. Maandishi hayo hupotea.