Nani kapunguza wizi? Dhana potofu kuhusu kutathmini miradi ya kuzuia uhalifu

Dhana: Washiriki wakiusifu mradi, basi umefaulu.
Hii ndiyo inayowapotosha wengi. Mwaka 1939, Massachusetts, Marekani, wavulana 506 walipangwa wawili wawili wanaofanana, kisha sarafu ikarushwa: mmoja apewe mshauri, mwenzake aachwe. Washauri waliwatembelea nyumbani, wakawasaidia masomo, wakawapeleka kambi za likizo. Miaka 30 hivi baada ya mradi kwisha, mtafiti Joan McCord akawatafuta. Takriban theluthi mbili ya waliosaidiwa na kumjibu walisema mradi uliwafaa. Kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo zikasema vingine: walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao walioachwa, hasa waliokwenda kambini zaidi ya mara moja. Bila kundi lile la pili, mradi ungesifiwa hadi leo.

Dhana: Wizi ukipungua baada ya mradi, mradi ndio uliopunguza.
Miradi huanzishwa mambo yakiwa yamechacha. Mwezi mbaya kupita kiasi kwa kawaida hufuatwa na mwezi afadhali, hata kama hakuna aliyefanya lolote.

Dhana: Takwimu za polisi zikipanda, mradi umeshindwa.
Polisi huandika wanachoambiwa. Mtu aliyezoea kunyamaza akiibiwa simu, siku akianza kuwaamini askari atakwenda kuripoti. Daftari la kituo linajaa, na hakuna hata mwizi mmoja aliyeongezeka. Kwa hiyo waulize wakazi wenyewe, kabla na baada: umeibiwa katika miezi 12 iliyopita?

Dhana: Doria zaidi, uhalifu kidogo.
Mwaka 1972 na 1973, polisi wa jiji la Kansas City, Marekani, waliondoa doria za kawaida za magari katika baadhi ya maeneo, kwingine wakaziongeza mara mbili hadi tatu, kwingine wakaziacha zilivyo. Uhalifu haukutofautiana kwa kiasi cha maana, wala hofu ya wakazi. (Wapo wanaodai hiyo inathibitisha polisi hawana kazi. Hapana: kuwaelekeza askari kwenye kona chache zenye matukio mengi kumepimwa mara nyingi, na kunasaidia.)

Dhana: Ukiwabana wezi hapa, wanahamia pale.
Wapo wanaohama, lakini si wote, na mara nyingi mtaa jirani nao hupata nafuu. Ndiyo maana mtathmini makini huhesabu pia matukio ya mtaa huo, na ya mwingine ulio mbali ambao mradi haukuugusa kabisa.