Kwa nini Jumba la Jiji la Manchester lina umbo la pembetatu?

Anayesimama katika uwanja wa Albert Square, Manchester, Uingereza, huona ukuta mpana wa mawe yenye nakshi na mnara wa saa wenye urefu wa mita 85, wala si rahisi atambue kwamba nyuma ya ukuta huo jumba zima limejengwa kwa pembetatu. Chanzo ni kiwanja chenyewe. Manchester, iliyotajirika kwa viwanda vya pamba na kupewa hadhi ya jiji mwaka 1853, ilihitaji ofisi kubwa kuliko zile za zamani za King Street, na ardhi iliyopatikana katikati ya mitaa yake ilikuwa na umbo hilo.

Mshindi wa shindano la wasanifu majengo alikuwa Alfred Waterhouse, naye hakushinda kwa uzuri wa sura ya jengo, kwani michoro ya wenzake kadhaa ilisifiwa zaidi kwa upande huo. Alishinda kwa mpangilio. Katika jiji ambalo moshi wa viwanda ulitia giza hata mchana, mwanga ulikuwa jambo la kwanza, kwa hiyo Waterhouse alizipanga ofisi kuelekea barabarani, akazizungushia ujia kwa ndani, akaweka ukumbi mkuu katikati na kuacha nyua zilizo wazi kandokando yake ili nuru na hewa vifike kila upande. Hata ngazi za mzunguko zilipewa kazi ya pili, maana hewa yenye joto ilipandishwa juu kupitia uwazi wake wa katikati. Kwa maoni yangu, ustadi huu unastahili sifa kuliko mnara wenyewe.

Ujenzi ulianza mwaka 1868. Mtindo uliochaguliwa ni wa Kigothi wa karne ya 13, wenye matao yaliyochongoka, unaokumbusha majumba ya wafanyabiashara wa nguo wa Ulaya ya kale, na mawe magumu ya Spinkwell kutoka Yorkshire yaliteuliwa ili yahimili masizi, ingawa nayo hatimaye yaligeuka meusi. Malkia Victoria hakuhudhuria ufunguzi wa Septemba 1877. Jumba lilifunguliwa na meya Abel Heywood, ambaye kwa jina lake kengele kubwa ya saa hadi leo inaitwa Great Abel. Nje ya ukumbi mkuu, sakafu ya vijiwe vya rangi imejaa michoro ya nyuki, alama ya bidii ya wafanyakazi wa jiji hilo.