Si Majini Waliojenga Baalbek

Picha ya magofu ya Baalbek ikirushwa mtandaoni, haichukui muda kabla mtu hajaandika: "Hapo pana mkono wa majini." Wengine humtaja Nabii Suleiman, wengine viumbe wa sayari nyingine. Kinachowachanganya ni mawe matatu yaliyolazwa kwenye ukuta wa msingi wa hekalu la Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, Bonde la Bekaa, Lebanon. Kila jiwe lina urefu wa mita 19 hivi na uzito unaokadiriwa kufika tani 800.

Jibu liko machimboni, hata kilomita moja haifiki. Hapo limelala Hajar al-Hibla, Jiwe la Mjamzito, tani zipatazo 1,000, limeinama upande mmoja kama jahazi lililopwelewa. Mwaka 2014 wanaakiolojia wa Kijerumani na Kilebanoni walichimba pembeni yake wakakuta jingine kubwa zaidi, linalokadiriwa kuwa na tani 1,650. Hajar al-Hibla liliachwa, wanasema, kwa sababu ukingo wake mmoja ulikuwa mbovu na ungepasuka njiani. Jini gani huyo wa kususa jiwe kwa sababu ya kasoro? Hayo ni mahesabu ya fundi. Na juu ya nguzo mojawapo ya hekalu pana maandishi ya Kigiriki yenye tarehe ya mwaka 60 BK, enzi za Nero, mfalme wa Roma.

Dhana nyingine: kwamba waumini walijaa ndani kama kanisani au msikitini. La. Ndani ilikuwa nyumba ya sanamu ya mungu. Sadaka zilitolewa nje, madhabahuni, ndiyo maana ua wa Baalbek ni mkubwa kuliko hekalu lenyewe.

Hekalu la jirani, la Bacchus, mungu wa mvinyo, wengi huliita "dogo". Udogo huo ni wa kulinganisha na Jupiter tu. Kwa upana linalipita Parthenon, hekalu mashuhuri la Athens.

Halafu kuna wanaodhani mvua na jua ndivyo vilivyoliangusha la Jupiter. Kati ya nguzo 54, leo zimesimama sita. Zilikuwa tisa hadi tetemeko la 1759 lilipoangusha tatu. Nyingine nyingi zilikuwa zimekwisha ondoka zamani, kwa mikono ya watu: Wakristo walijenga kanisa uani, kisha watawala Waislamu wakageuza eneo zima kuwa ngome. Wenyeji hadi leo wanaliita al-Qal'a, ngome.