Kisiwani Tuingie Jua Likiwa Juu

Marafiki wakipanga safari ya visiwa, maswali yao huwa ni chombo gani na kina vyumba vingapi. Mimi ninayeshika usukani nauliza jingine: tutafika saa ngapi? Katika bahari za tropiki, saa ya kufika ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Sababu ni matumbawe. Yale yanayojenga miamba hupenda maji ya vuguvugu, maangavu, yasiyo na kina kirefu. Yaani palepale tunapotaka kutia nanga na kuogelea. Ramani za maeneo mengi ya visiwa bado zinategemea vipimo vya zamani, na kichwa cha mwamba kinaweza kukosekana kabisa kwenye skrini. Kwa hiyo tunasoma maji kwa macho. Buluu iliyokolea ni kina kirefu. Kijani cha feruzi ni mchanga, mita chache tu. Kahawia ni mwamba, kaa mbali. Kivuli cha wingu nacho hujifanya mwamba, ila chenyewe kinatembea. Rangi hizi huonekana vizuri jua likiwa juu au mgongoni mwako, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri hivi. Likikukabili usoni, bahari nzima inageuka kioo.

Hapo marafiki wanapata kazi. Mmoja asimame omo, yaani mbele kabisa ya chombo, amevaa miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji, aelekeze kwa mkono. Kwa mkono, si kwa mdomo: injini inanguruma, upepo unabeba maneno, na wa kwenye usukani anasikia "kulia" badala ya "tulia".

Nanga itafutiwe mchanga. Mnyororo ukiburura juu ya matumbawe unavunja kilichochukua miaka mingi kukua, na unaweza kunasa usitoke asubuhi. Urefu wake ndio unaokosewa zaidi, kwa sababu watu huhesabu kina cha wakati ule tu. Tuseme kipimo kinaonyesha mita 6, maji yatajaa mita 2 zaidi, na omo iko mita 1 juu ya maji: jumla ni 9. Zidisha kwa 5, unaachia mita 45. Upepo ukitarajiwa kuchafuka, zidisha kwa 7. Kisha rudi nyuma na injini taratibu mpaka mnyororo ukaze. Chagua mti na jiwe lililo nyuma yake ufukoni, upande wa ubavuni. Vikianza kuachana, nanga haijashika. Mwenye miwani ya kuogelea azamie akaione.

Msimu ni rahisi zaidi, kalenda inatosha: Karibi huwa na vimbunga Juni hadi Novemba, Pasifiki ya kusini Novemba hadi Aprili.

Kigumu ni ratiba. Mwenye ndege kesho asubuhi ndiye atakayesema "twendeni tu, mwanga bado upo", na katika tropiki jua likishazama giza halichelewi. Ndiyo maana nataka siku nzima tupu kabla ya ndege ya mtu yeyote. Tukichelewa, hatuingii. Tunakwenda mahali pa akiba pa kutia nanga tulipopachagua asubuhi, au tunabaki nje kwenye maji ya kina mpaka kuche. Watanuna, hasa walioahidiwa kuogelea jioni ile. Nimeshawazoea.