Kushika si kukandamiza: IGFBP-3 na p53

Nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu ninayemheshimu sana: "IGFBP-3 ni kikandamizi cha uvimbe, sawa na p53." Si sawa.

Kwa ufupi, vichocheo vya ukuaji kama IGF-1 huiamuru seli ikue na kugawanyika. Protini za kushika, IGFBP-3 ikiwamo, huvidaka kabla havijafika kwenye vipokezi vya seli. Vikandamizi vya uvimbe, p53 ikiwa kimojawapo, ni jeni, na protini zake, zinazoizuia seli kugawanyika ovyo.

Linalopotosha ni neno "kushika". Wengi wakilisikia humwona askari na mwizi. Lakini mama naye humshika mtoto asianguke, na protini hizi hufanya yote mawili. IGF-1 ikiwa peke yake kwenye damu hudumu dakika chache tu. Ikishikwa na IGFBP-3 pamoja na protini ya tatu, hudumu saa nyingi. Anayeizuia ndiye anayeitunza. Kisha vimeng'enya vikimkata mshikaji, PSA ya tezi dume ikiwa kimojawapo, IGF-1 huachiliwa papo hapo, pengine kando ya uvimbe wenyewe. Na ndugu wa IGFBP-3, yaani IGFBP-2, hupatikana kwa wingi katika uvimbe fulani wa ubongo, na huko husaidia saratani isonge mbele. Huyo naye tumwite kikandamizi?

"Kukandamiza" nako hueleweka vibaya, kana kwamba p53 hungoja uvimbe utokee ndipo iubane. Kazi yake kubwa ni kabla ya hapo: DNA ikiharibika, husimamisha mgawanyiko au huiamuru seli ife. Hata watafiti walikosea. Ilipogunduliwa mwaka 1979 ilidhaniwa inachochea saratani, na ni mwaka 1989 tu ilipobainika kwamba jeni waliyokuwa wakiichunguza ilikuwa na hitilafu.

Uhusiano wa p53 na IGFBP-3 upo, nao ni mzuri kuujua. p53, ndani ya kiini cha seli, huwasha jeni ya IGFBP-3. Hilo lilionyeshwa mwaka 1995. Protini hiyo hutoka nje ya seli, hushika IGF, na amri ya kukua hufifia. p53 ikiharibika, kama ilivyo katika takriban nusu ya saratani za binadamu, agizo hilo hupotea.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiandika tena, andika kwamba IGFBP-3 ni mojawapo ya protini ambazo p53 huagiza zitengenezwe, na kwamba ikishaagizwa inaweza kuzuia ukuaji au kuusaidia, kutegemea imo katika uvimbe gani.