Je, wajua kwa nini kamera kubwa ya zumu ndefu ina jicho dogo kuliko kamera ya mfukoni?

Usiku wa mwezi kumi na nne tulipanda juu ya paa la nyumba, mimi na mpwa wangu wa darasa la sita, tukiwa na kamera mbili. Moja ilikuwa Sony RX100, kamera ya mfukoni iliyotoka mwaka 2012, gramu 240 pamoja na betri yake. Hata robo kilo ya sukari inaishinda uzito. Ya pili ilikuwa Nikon Coolpix P1000 ya mwaka 2018, gramu 1,415, na lenzi yake ukiivuta hadi mwisho inatokeza mbele kama mchi. Kila mmoja akapiga picha ya mwezi. Wangu, kwenye ile ndogo, ulitoka kitone cheupe katikati ya giza. Wa kwake ulijaa kioo kizima, na miali ya shimo la Tycho ikaonekana imetapakaa kama unga uliomwagika sakafuni.

Akaniuliza, "Mjomba, kumbe hii kubwa ndiyo yenye jicho kubwa?"

Hapana. Hiyo kubwa ndiyo yenye jicho dogo, na udogo huo ndio unaoufikisha mkono wake mwezini.

Nyuma ya lenzi ya kila kamera ya kidijitali kuna kihisi, ndilo jicho lenyewe, kibamba kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Kihisi cha RX100 kina upana wa milimita 13.2 na kimo cha milimita 8.8, kinakaribia ukucha wa kidole gumba. Cha P1000 kina upana wa milimita 6.2 hivi na kimo cha 4.6, hakijai hata ukucha wa kidole cha mwisho. Ukipiga hesabu ya eneo unapata milimita za mraba 116 kwa ile ndogo na 28 kwa ile kubwa. Kamera inayoingia kwenye mfuko wa kanzu ina kihisi mara nne ya kile cha kamera inayotaka begi lake peke yake.

(Dukani utaambiwa kihisi cha RX100 ni cha "inchi moja." Kipime popote, inchi hutaiona. Jina hilo limerithiwa kutoka kwenye mirija ya kioo ya kamera za zamani za televisheni, ambayo ilitajwa kwa kipenyo cha nje cha mrija, si kwa ukubwa wa eneo lililonasa picha.)

Sasa turudi kwa mwezi. Lenzi hutupa taswira juu ya kihisi, na ukubwa wa taswira hiyo unategemea urefu wa fokasi wa lenzi, yaani umbali ambao lenzi huhitaji ili ikusanye mwanga wa kitu cha mbali uwe nukta moja. Mwezi uko mbali nasi takribani mara 110 ya kipenyo chake wenyewe, kwa hiyo taswira yake huwa na upana wa urefu wa fokasi uliogawanywa kwa 110. Lenzi ya P1000 ikivutwa hadi mwisho ina urefu wa fokasi wa milimita 539. Gawanya: mwezi unaangukia kihisi ukiwa na upana wa milimita 4.9, punje ya mtama. Lenzi ya RX100 inaishia milimita 37.1, na mwezi wake ni theluthi ya milimita, chembe ya mchanga.

Punje ya mtama si kitu kikubwa. Lakini iweke juu ya kibamba chenye kimo cha milimita 4.6 uone: inakijaza na kupitiliza kidogo. Iweke hiyo hiyo juu ya kihisi cha RX100 na itafika kama nusu tu ya kimo chake. Ndiyo siri yenyewe. Nusu ya kazi inafanywa na lenzi inayokuza taswira, na nusu nyingine inafanywa na kihisi kidogo kinachokata kipande chembamba cha katikati na kukiita picha nzima.

Ndiyo maana matangazo ya P1000 husema milimita 3,000 ilhali lenzi yenyewe imeandikwa 539. Hiyo 3,000 ni hesabu ya kulinganisha: ungehitaji lenzi ya urefu gani kwenye kamera ya filamu ya zamani, yenye fremu ya milimita 36 kwa 24, ili uone kipande kile kile? Nayo hiyo "125x" inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi isikubabaishe. Ni mwisho wa zumu uliogawanywa kwa mwanzo wake, 3,000 kwa 24, basi. Kamera ya 10x inayoanzia 30 inafika mbali kuliko ya 10x inayoanzia 24. Ukitaka kujua ukweli, uliza milimita za mwisho. Na zumu ya kidijitali usiihesabu kabisa. Ile ni mkasi, unakata picha uliyokwisha kuipiga.

Kwa nini basi wasitie kihisi kikubwa ndani ya hiyo kamera kubwa, tukapata vyote viwili? Hapa ndipo kioo kinapodai haki yake. Namba ya f inayoandikwa kwenye lenzi ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa upana wa tundu la kuingizia mwanga. P1000 ikivutwa mwisho iko f/8: 539 gawa kwa 8, tundu la milimita 67. Kioo cha mbele kinatoshana na mdomo wa bilauri, na mtu anaweza kukibeba. Weka sasa kihisi cha RX100 na udai kipande kile kile cha mwezi kwa f/8 ile ile. Urefu wa fokasi unapanda hadi kama milimita 1,100, na tundu linafika kama milimita 138, yaani kisosi cha chai. Ukitaka kwa kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, tundu ni milimita 375. Hilo ni sinia la pilau, si kioo cha kutundika shingoni.

Wapo waliojaribu kukaa katikati. Sony RX10 IV ya mwaka 2017 ina kihisi cha ukubwa ule ule wa RX100, lenzi inayofika milimita 600 kwa ile hesabu ya kulinganisha, kwa f/4, na uzito wa gramu 1,095. Kamera nzuri sana, nami ningeipenda. Ila ona bei iliyolipwa: kilo nzima na zaidi, na bado haifiki hata robo ya safari ya P1000.

Jua likishazama, mizani inageuka. RX100 ikiwa haijavutwa hufungua tundu hadi f/1.8, P1000 huishia f/2.8. Changanya tofauti hiyo na ile ya eneo la kihisi, na kamera ya mfukoni inakusanya mwanga takribani mara 10 ya ile kubwa kwa muda ule ule. Nimeiona tofauti hiyo Forodhani, Unguja, usiku, mbele ya meza ya mishkaki. Picha ya ile ndogo ilibakiza moshi ukipanda mbele ya taa, mikunjo ya aproni ya muuzaji, na weusi wa anga ukawa weusi kweli. Ile kubwa ilijaza anga chenga, na uso wa muuzaji ukalainika kama nta. Kusema haki, RX100 nayo ukiivuta hadi mwisho tundu linabana mpaka f/4.9, na sehemu kubwa ya faida hiyo inayeyuka. Usiku usiivute, sogea wewe.

Lakini porini husogei. Katika Kreta ya Ngorongoro gari haliruhusiwi kuacha barabara, na faru mweusi mara nyingi yuko mbali, doa la kijivu kwenye nyasi. Hapo kamera ya mfukoni haina la kukusaidia. P1000 ikivutwa mwisho, kitu kilicho umbali wa kilomita moja kinaonyeshwa ndani ya fremu yenye upana wa mita 11 na ushei. Kilicho mita 100 kinapata fremu ya mita moja na kidogo. Chiriku anapata nafasi yake, na korongo anajaa.

Wembamba huo wa fremu una adha zake. Ndege akiruka tawi moja tu umempoteza, na kumtafuta upya ukiwa umevuta mwisho ni sawa na kutafuta shilingi uwanjani kwa kuchungulia kupitia mrija wa soda. Ndiyo maana Nikon waliweka kitufe pembeni mwa lenzi: ukikibonyeza zumu inarudi nyuma kwa muda, unampata ndege, unakiachia, lenzi inarudi pale pale. Mitikisiko nayo hukuzwa pamoja na picha. Mtambo wa kutuliza lenzi husaidia sana, ila bado mwambie dereva azime injini, na uilaze kamera juu ya mfuko wa maharage kwenye dirisha la gari. Mfuko huo haugharimu kitu na umeniokolea picha nyingi kuliko stendi.

Kuna mambo mawili ambayo hata mfuko wa maharage hauyatibu. Mwanga ni mawimbi, na upitapo tunduni hutanuka. Kwa f/8 nukta moja ya mwanga inatanuka hadi upana wa mikroni 10 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali pikseli moja ya P1000, yaani kijichumba kimoja cha kihisi, ina mikroni 1.3 tu, nukta moja inalalia pikseli saba au nane kwa upana. Manyoya yanalainika hata fokasi ikiwa sahihi. La pili ni joto. Saa sita mchana hewa juu ya mbuga inachemka, na zumu inakuletea mazigazi karibu pamoja na simba. Piga saa moja asubuhi, ardhi ingali baridi.

Mtu akiniuliza anunue ipi, huwa namtaka kwanza anionyeshe simu yake. Simu nzuri za siku hizi zimekwishaila sehemu kubwa ya kazi ya kamera ya mfukoni, na mwenye nayo hatafaidi sana RX100, labda awe mpenzi wa picha za usiku. Kazi ya ile kubwa hakuna simu iliyoigusa. Kwa anayependa ndege, meli zilizo nje ya bandari, au wanyama wa mbali, ningesema aibebe hiyo kilo na nusu kasoro.

Na mpwa wangu nilimwambia tumekosea usiku. Mwezi kumi na nne unapigwa na jua usoni moja kwa moja, vivuli hakuna, mashimo yanalala. Tulipanda tena usiku wa mwezi saba, nusu ikiwa kwenye mwanga na nusu gizani. Tukaweka ISO 100 (wepesi wa kamera kuitikia mwanga), f/8, kasi ya sehemu moja ya 100 ya sekunde, kamera juu ya mfuko wa maharage ukingoni mwa paa. Kwenye mpaka wa giza kila shimo lilikuwa na kivuli chake, na kando ya mpaka huo vilele viwili vitatu vya milima vilikuwa vimeng'aa peke yake, jua likiwa limevifikia kabla ya mabonde yake.