Kwa nini barabara za Dodoma zilisikika kimya mwaka 2020

Tanzania haikuwafungia watu majumbani. Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari, na kesho yake vyuo vikafuata. Masoko, misikiti na makanisa yaliendelea. Hata hivyo, wakazi wengi wa Dodoma wanausimulia ukimya wa majuma yale kana kwamba mji ulihamwa. Mimi kazi yangu ni kupima kelele za mijini, na naamini wanasema kweli, ingawa magari hayakutoweka.

Ukipunguza magari ya barabara moja kwa nusu, kelele hushuka kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili mtu aseme kelele imepungua nusu, inabidi ishuke kwa desibeli 10 hivi, yaani katika kila magari kumi libaki moja. Dodoma haikufika huko.

Ila sikio halipigi wastani. Hushika kinachochomoza: honi, kengele ya shule, konda anayegonga bodi la daladala huku akiita abiria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) walikuwa wamerudi makwao, na daladala ziliamriwa kubeba watu waliokaa tu, utaratibu tuliouita “level siti”, kwa hiyo siti zikijaa gari liliondoka bila ile kelele ya “sogeeni nyuma, nafasi bado ipo”. Vilele hivyo vya sauti vilipopungua, sauti ndogo zilizokuwa zimefunikwa zikajitokeza. Katika Barabara ya Tisa uliweza kusimama upande mmoja ukasikia maji ya kunawa yakitiririka kutoka kwenye koki ya ndoo hadi kwenye beseni, mlangoni mwa duka la ng'ambo.

Alfajiri tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Dodoma iko kwenye uwanda wa juu, mita 1,100 na ushei kutoka usawa wa bahari, na usiku usio na mawingu ardhi yake hupoa haraka, hewa baridi ikatulia chini na ya vuguvugu ikabaki juu. Sauti inayopanda hupindishwa na tabaka hilo na kurudishwa chini, mbali na ilikotoka. Hali hiyo ipo kila mwaka, lakini kwa kawaida magari ya mapema huifunika. Safari hii azana ya Msikiti wa Gaddafi ilifika mitaa ya mbali ikiwa safi.

Ndiyo maana siridhiki na ripoti za kelele zinazotoa wastani wa siku peke yake. Kwa kipimo hicho, juma la Machi 2020 na juma la kawaida yangekaribiana mno kwenye karatasi, ilhali mgonjwa au mtoto mchanga aliyelala kando ya barabara alipata usingizi tofauti kabisa. Anayepanga barabara karibu na wodi au darasa ahesabu honi na miungurumo inayochomoza, saa kwa saa, hasa usiku.